Nilichomoa Waya kwenye Bajaji ya Mke Wangu

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma matatizo ya watu kila wiki, leo nakuongezea langu, na ninaomba msaada wako kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu mwisho wa mwezi kuna mama anakuja nyumbani kwetu kuichukua bajaji ya umeme ya mke wangu, na bajaji hiyo haina ubovu wowote, na mtu pekee anayejua kwamba haina ubovu ni mimi, na nimekaa kimya siku ya kumi na moja sasa.

Mimi ni fundi magari. Nimeshika spana miaka ishirini na tisa, gereji yangu iko kwenye barabara kuu ya mtaa wetu, ile ya mlango wa bluu, na watu wananiita Sikio kwa sababu ukiniletea gari sifungui boneti kwanza, nakuambia uwashe, nainamisha kichwa, nasikiliza, halafu nakuambia ni vali, au ni pampu ya maji, au ni wewe tu unavyoendesha vibaya, na sikosei mara nyingi. Nisamehe kwa kujisifu, lakini nataka uelewe kwamba nyumbani kwangu hakikuwahi kuingia chombo cha moto nikashindwa kukijua kwa mlio wake, mpaka mke wangu alipoleta kile kisicho na mlio.

Mke wangu alikaa mapokezi kwenye kliniki kwa miaka mingi, na kila jioni alirudi na habari ileile, kwamba fulani hakufika tena leo, yule mama anayetembelea magongo, yule mzee wa kiti cha magurudumu, yule binti asiyeona, na hawafiki si kwa kutotaka bali kwa sababu hakuna dereva anayekubali kuwapakia pamoja na viti na magongo yao, na mimi nilikuwa naitikia "pole yao" huku naendelea kula. Mwaka jana akaacha kazi, akajiunga na kikundi cha kina mama wanaoendesha bajaji za umeme, akakabidhiwa yake, nyeupe, yenye nafasi pana nyuma na ubao unaoteremka mpaka chini ili kiti cha magurudumu kipande chenyewe, mtu asibebwe kama gunia. Watu wakaanza kumwita Mama Ubao. Haikupita miezi miwili simu yake ikawa inaita kuliko yangu.

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuchafuka, Mama Mshauri. Bajaji ile haina oili ya kubadilisha, haina plagi za kusafisha, haina kabureta, haitoi moshi, inapita tu kama mtu anayenyata kwenda jikoni kuonja mboga, nami nikamwambia mke wangu ni kidude cha kuchezea. Siku ya kwanza nilisimama mbele yake nikainamisha kichwa, nikasikiliza kwa makini, nikasikia mbwa wa jirani. Na ikipata hitilafu haiji kwangu, mke wangu anampigia simu binti mmoja fundi wa umeme, anakuja kwa baiskeli, begi mgongoni, anachomeka kikompyuta chake, anakisoma, anakaza kitu kimoja, anaondoka na mikono safi. Mikono safi, Mama Mshauri, uani kwangu mwenyewe. Mwenzangu wa gereji tunayemwita Bomba akapata habari, akasema mbele ya wateja, "Sikio, nasikia nyumbani mmeajiri fundi." Wakacheka wiki nzima. Nami nilicheka nao, lakini nikirudi kwenye kazi nawaza kwamba pikipiki za umeme zinaongezeka kila mwezi, kesho ni teksi, keshokutwa ni malori, na mimi na hili sikio langu tutamsikiliza nani.

Basi Alhamisi moja asubuhi, mke wangu akiwa anamalizia chai, nilitoka uani, nikainua kiti cha dereva, nikavuta waya mmoja unaoingia kwenye kile kisanduku kinachoamuru mota. Sikuuchomoa wote, niliuacha unaning'inia ili utoke wenyewe kwenye matuta. Breki sikugusa, taa sikugusa, mimi ni mpumbavu lakini si muuaji. Hesabu yangu ilikuwa hii, bajaji itamzimikia hapahapa mtaani, atanipigia simu, nitakwenda, nitainamisha kichwa, nitauchomeka waya, itawaka, naye ataniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani. Ni hilo tu nililolitaka. Sikujua siku hiyo amempakia nani.

Alimpakia mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyefundisha nusu ya mtaa huu, mimi nikiwa mmoja wao, mzee aliyekaa ndani karibu miaka miwili tangu miguu ilipomgomea, mpaka mke wangu alipoanza kumtoa. Siku hiyo mjukuu wake alikuwa anahitimu uuguzi, sherehe ni saa nne kamili kwenye ukumbi wa chuo. Bajaji ikazimika karibu na kituo cha mafuta. Mke wangu akampigia simu yule binti fundi, akaambiwa yuko upande wa pili wa mji. Mimi hakunipigia. Mwalimu akauliza saa, akasema, "Mama, teremsha ubao, tusukume. Ni kilomita mbili na nusu tu." Mke wangu akateremsha ubao, akaanza kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu.

Muuza mayai mmoja aliyekuwa na trei zake kwenye baiskeli akawaona, akatangulia mbele polepole akipiga kengele ili watu wapishe. Walikwenda vizuri mpaka walipofika mbele ya gereji yangu. Sasa, Mama Mshauri, sikiliza aibu yangu ya pili. Njia ya waenda kwa miguu inapita mlangoni kwangu, na kwa miaka yote hii nimeifanya maegesho ya magari ya wateja. Siku hiyo palikuwa na magari manne na injini moja chini. Hapakuwa na pa kupita, ikabidi kiti kishuke barabarani, lori likapiga honi nyuma yao, yule muuza mayai akaweka baiskeli yake katikati na kunyoosha mkono kulisimamisha, na mimi nimesimama mlangoni na tambara mkononi naangalia.

Mwalimu akaniona. Akasema, "Sikio, hujambo? Naona magari ni mengi, kazi inakwenda." Hakuwa akinikejeli, alikuwa anafurahi kwa ajili yangu. Mke wangu pumzi zilikuwa zimemwishia, alinitabasamia tu. Nikasema subirini, nikakimbilia ndani kuchukua ufunguo wa gari la mteja niwapeleke, nikiwa na ufunguo mkononi nikakumbuka kile kiti hakiingii kwenye gari lolote nililonalo, nikabaki nimesimama stoo kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilipotoka walikuwa wameshapita kona.

Walifika wamechelewa dakika arobaini. Jina la mjukuu lilikuwa limeshaitwa. Mwalimu aliona picha kwenye simu.

Jioni mke wangu alilia, na mke wangu si mtu wa kulia. Akasema, "Baba mapacha, labda ulisema kweli. Hiki ni kidude cha kuchezea." Maneno hayo niliyasubiri miezi minane, na yalipokuja nilisogeza sahani pembeni. Kesho yake binti fundi alikuja, akakuta waya umelegea, akaubana, akasema huenda ni mtikisiko. Lakini mke wangu imani imemtoka. Anasema hawezi kumpakia mtu asiyeweza kushuka mwenyewe kwenye chombo asichokiamini. Ameshawaambia wenzake kwenye kikundi wampe mama mwingine bajaji hiyo, na yeye ataomba kurudi kliniki, mapokezi. Kaka yangu nimemweleza, anasema ninyamaze, ndoa ya miaka ishirini na sita haivunjwi kwa ajili ya waya. Nakuuliza, je, siwezi kumshawishi tu aendelee na bajaji yake bila kutaja habari ya waya? Nikimwambia ataniangaliaje?

Ni mimi,
Sikio, mlango wa bluu

JIBU

Sikio,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka ulipomsikia mbwa wa jirani. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na hizo breki. Unaniambia hukuzigusa, kana kwamba unangoja nikupongeze. Uliacha waya unaning'inia ili chombo kizimike popote kitakapopenda, na ndani yake kuna mtu asiyeweza kushuka. Kingezimika kwenye mzunguko wa magari ungesema nini? Shukuru kwamba kilichagua kituo cha mafuta, na usilirudie neno hilo la breki mbele ya mkeo, maana mimi niko mbali nawe na bado limenichemsha.

Unauliza kama unaweza kumshawishi aendelee bila kumwambia. Unaweza sana, una ulimi mzuri. Ataendelea, na kila bajaji ikisita kidogo atashika usukani kwa mikono miwili na moyo utamwenda mbio, nawe utakuwa unaona hofu hiyo na unajua aliyeipanda. Kaka yako mwambie nimemsalimu, ila ushauri abaki nao mwenyewe.

Lipo jambo ninalokuhurumia. Mtu aliyejua kazi yake miaka ishirini na tisa akaona dunia inaanza kwenda bila kumwuliza, lazima apate hofu, na hofu hiyo si ujinga. Ila hofu hiyo ungemwambia mkeo mezani, kwa maneno haya tu, "Mke wangu, naogopa sitakuwa na kazi." Wewe ukaenda kuuambia waya. Tena unasema ulitaka akuangalie kama zamani. Je, siku alipoileta ile bajaji nyumbani ulimwambia hongera? Nimeitafuta hongera hiyo kwenye barua yako yote, sikuiona.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, nawa mikono, nenda nyumbani, umwambie. Usianze na "unajua, sisi wanaume". Sema, "Waya niliuchomoa mimi." Halafu funga mdomo mpaka aulize. Akinuna, mwache anune, ana haki. Usimletee zawadi ya kumfunga kinywa, usimtume mama yako wala mapacha. Unaogopa atakuangaliaje, atakuangalia vibaya kwa muda, na utavumilia, kwa kuwa hiyo angalau itakuwa ni sura yako ya kweli anayoiangalia.

Kisha nenda kwa mwalimu wako. Nenda kwa miguu, kwa njia ileile aliyosukumwa, na uhesabu ni mara ngapi unalazimika kushuka barabarani. Jina la mjukuu huwezi kulirudisha liitwe upya, kwa hiyo usijaribu kulipunguza uzito.

Magari yaondoe leo. Njia hiyo si sehemu ya gereji yako, ni ya yule mama wa magongo, ya mtoto anayekwenda shule, ya muuza mayai aliyekuwa na akili kuliko wewe asubuhi ile. Kama uwanja wako unatosha magari mawili, pokea mawili, ya tatu na ya nne yasubiri zamu kwao.

Na yule binti wa baiskeli, mfuate, umwombe akufundishe. Ndiyo, ni sawa na mwanao. Utazoea. Bajaji ya umeme ina matairi, ina springi, ina breki, ina usukani, inapita kwenye mashimo yaleyale, na siamini kwamba mtu mwenye sikio kama lako hana cha kuambulia humo. Anza na alichonacho yeye, mikono safi na utulivu.

Jibu hili nimelituma kwako kwa bahasha. Gazetini litatoka baada ya wiki mbili, pamoja na barua yako, na Sikio wa mlango wa bluu mtaa mzima unamjua. Mkeo anasoma magazeti. Hakikisha anaposoma hapa anasoma jambo ambalo ameshalisikia kwa mdomo wako.

BARUA YA PILI
(ilifika siku mbili kabla ya kuchapa)

Mama Mshauri, ahsante, ingawa kwa kweli ulinitisha. Chapisha yote, ameshajua.

Nilimwambia mezani, saa ya chai. Aliweka kikombe chini akaniuliza swali moja, "Waya upi?" Nikampeleka uani, nikainua kiti, nikamwonyesha. Akaniambia niuchomoe, nikauchomoa. Akauchomeka yeye. Akaurudia mara tatu, mara ya mwisho macho ameyafumba, akashusha kiti. Kisha akampigia simu mwenyekiti wa kikundi chao mbele yangu, akasema, "Bajaji haiendi kokote. Chombo ni kizima, mgonjwa alikuwa mume wangu." Baada ya hapo hakunisemesha siku tisa, isipokuwa kuniomba nisogeze chumvi.

Kwa mwalimu nilikwenda kwa miguu kama ulivyosema. Nilishuka barabarani mara kumi na moja, na pabaya kuliko pote palikuwa mlangoni kwangu. Aliyenifungulia alikuwa mjukuu wake, na sare yake mpya ya uuguzi, ikabidi niseme mbele ya wote wawili. Nilieleza yote kwa pumzi moja, mpaka yule mjukuu akanivuta mkono akanipima presha. Akasema, "Baba, iko juu." Nikamwambia sababu naijua. Mwalimu akasema, "Sitakuambia ni jambo dogo, maana si dogo. Nilitaka kulisikia jina lile." Nikasema ndiyo mwalimu. Akasema, "Jumamosi nataka kwenda kunyolewa. Utanisukuma wewe." Nilimsukuma. Ni kazi, Mama Mshauri, kigongo kidogo tu cha lami kinakusimamisha kama ukuta. Kila tuliyekutana naye mwalimu alimwambia, "Huyu ndiye dereva wangu wa leo, bado anajifunza," na tulipofika kwa kinyozi tulikuwa tunacheka wote wawili, ingawa mimi nilicheka kwa tahadhari.

Magari nimeyaondoa. Bomba alinung'unika kwamba tunafukuza wateja, na kweli wawili wamehama. Kisha mama mmoja mwenye mapacha wadogo kwenye kigari cha kusukuma alipita mlangoni akasimama kutushukuru, akimtazama Bomba, na tangu siku hiyo Bomba ndiye anayewafokea madereva wanaotaka kuegesha pale, utadhani wazo lilikuwa lake. Amechora mstari mweupe kwa mkono wake, umepinda kidogo.

Yule binti wa baiskeli amenikubali, asubuhi mbili kwa wiki. Ananifundisha kupima betri na kusoma kile kikompyuta, nami nasahau, ananirudia bila kuchoka. Juzi nilimwambia gurudumu la mbele la baiskeli yake lina spoki imelegea, akaniuliza nimejuaje, nikasema niliisikia alipokuwa anaingia getini. Aliishika, akaikuta imelegea kweli. Tangu hapo ananiita mwalimu, nami namwita mwalimu, wateja hawajui nani ni nani.

Jana ilikuwa siku ya kumi. Nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya mteja, nikaona magurudumu matatu yakisimama mlangoni. Nikatoka. Mke wangu alikuwa kwenye usukani, Bomba amejifanya anatafuta spana. Akasema kwa sauti ya mteja wa kawaida, "Fundi, gurudumu la nyuma, la kushoto, linalia. Naomba unisikilizie."

Nikajilaza kando ya gurudumu, nikamwambia asogee mbele polepole, kisha arudi. Nilisikia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia kwenye gari lolote, maana hapakuwa na injini ya kupiga kelele juu yake. Nikamwambia ni beringi. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema dakika ishirini. Ilichukua karibu saa mbili, kwa sababu hakwenda kokote. Alivuta kigoda akakaa pembeni yangu, akaanza kunihadithia mambo yote aliyoyaona barabarani siku zile tisa, na mimi sikutaka kuwahi kumaliza.